Mpe Mtoto Mkaa na Kipande cha Boksi

Bibi amefariki. Wakubwa wanalia na kufarijiana mpaka usiku, lakini mtoto wa miaka mitano anaambiwa, "Nenda kacheze na wenzako." Wiki chache baadaye anaanza tena kukojoa kitandani, ilhali alishaacha. Au analalamika tumbo linauma, na zahanati hawaoni ugonjwa. Au amekuwa mkali, anapiga wenzake bila sababu.

Mtoto huyu ana huzuni. Umri wake haujampa maneno ya kuieleza, ila ana mikono, na anajua kucheza.

Vifaa vipo nyumbani

Si lazima ununue kitu. Mkaa uliopoa, kijiti cha kuchorea mchangani, boksi la sabuni lililochanwa, kurasa zilizobaki kwenye daftari la mwaka jana: vyote vinafaa. Udongo wa kichuguu ukilowekwa kidogo unafinyangika vizuri. Mwanasesere wa matambara anatosha kabisa.

Kinachokosekana nyumba nyingi ni mtu mzima wa kuketi naye. Tenga robo saa, weka simu kando, keti mkekani. Akina baba, nanyi pia mnahusika.

Akichora

Mwache achague cha kuchora. Usimuulize mbona ng'ombe ana miguu mitatu, wala usimlinganishe na dada yake. Sema, "Hebu nieleze, hapa kuna nini?" Kisha, "Na huyu, anafanya nini?" Akinyamaza, nyamaza naye. Ukitaka kumtia moyo, taja unachokiona: "Naona mama umemchora mkubwa kuliko nyumba." Hapo atajua umetazama kweli.

Wazazi wengi hushtuka mtoto akipaka rangi nyeusi. Tulieni. Huenda ndiyo kalamu pekee iliyokuwa na wino. Mchoro mmoja hauthibitishi ugonjwa wala balaa, na si kazi ya mzazi kuupigia ramli. Cha kuangalia ni kile kinachorudi siku baada ya siku, hasa kama anakichora kwa hofu.

Akicheza

Watoto waliotoka msibani huchimba shimo na kumzika mwanasesere. Mara nyingi wakubwa huwakaripia: "Acheni uchuro!" Tunawaomba msiwakaripie. Kwa mchezo huo mtoto anajaribu kuelewa bibi amekwenda wapi na kwa nini harudi. Vivyo hivyo, mtoto aliyepitia mafuriko na maporomoko ya tope kama yale ya Katesh, Hanang', Desemba 2023, anaweza kujenga nyumba ya udongo, akaimwagia maji ikabomoka, akajenga tena. Kaa karibu naye. Kwa kawaida mchezo hubadilika wenyewe: siku moja anatokea mtu wa kuokoa, au nyumba inasimama.

Kombolela, rede na ukuti nazo ni dawa ya aina yake. Mtoto anakimbia, anacheka, anajifunza kungoja zamu na kushindwa bila kupigana. Basi usimnyime mchezo kila anapokosea. Na wasichana wasibaki jikoni na kuchota maji huku kaka zao wakicheza. Huo ni uonevu. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa kila mtoto haki ya kucheza na kupumzika.

Wakati wa kutafuta msaada

Mpeleke kituo cha afya iwapo wiki zinapita na bado halali vizuri, hali, hachezi, au anarudia mchezo ule ule wa kutisha bila nafuu.

Akichora au kuigiza mambo ya ngono yasiyolingana na umri wake, au akisema kuna mtu anamuumiza, usimpige wala usimhoji mbele za watu. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Usimwite mtuhumiwa mkayamalize kifamilia. Nenda siku hiyo hiyo kituo cha afya, kwa afisa ustawi wa jamii, au kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Kama hujui pa kuanzia, piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, Tanzania na Kenya, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo.