SOMO LETU: BAADA YA KUFUNGWA

Ndugu msomaji, je, umewahi kushindwa mbele ya watu? Mimi nimeshindwa. Nilijiandikisha katika mashindano ya Tekken, ule mchezo wa kupigana unaochezwa kwa pedi kwenye televisheni. Kibandani kwetu nilikuwa bingwa. Kule, ukifungwa mara mbili umetoka. Nilifungwa zote mbili upesi upesi, moja na kijana asiyeota hata ndevu!

Niliporudi nikaanza kukariri mapigo mapya, marefu. Hilo lilikuwa kosa, maana sikujua bado nilipigwa na nini. Rafiki yangu alikuwa ameurekodi mchezo kwa simu. Tukautazama, tukahesabu. Nusu nzima ya maumivu yangu ilitokana na teke moja tu, lile la kufagia miguu.

Mchezo huu huonyesha picha 60 kila sekunde. Ngumi nyepesi hufika katika picha ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Jicho haliwahi. Kwa hiyo lazima ujue mapema mwenzako anapenda kufanya nini. Teke la kufagia likikingwa, mpigaji hubaki wazi.

Basi, ingia sehemu ya mazoezi. Rekodi teke hilo pamoja na ngumi, mashine izichanganye. Teke likija, bonyeza nyuma na chini kwa pamoja. Likishakingwa, rudisha pigo moja jepesi. Mimi ilinichukua jioni nne.

Swali la kujadili: Ni pigo gani lililokufunga mara nyingi zaidi? Nani ataweza kulirudia mbele yako ufanye mazoezi?