Mbolea ya kuku isikuunguzie mchicha

Mdogo wangu wa Mbagala, barua yako nimeisoma mara mbili. Umenunua kiroba cha mbolea ya kuku, ukakimwaga tuta zima jioni, na siku ya tatu mchicha umekauka kama uliopitiwa na moto. Pole sana. Mimi yalinikuta kwenye miche ya nyanya, niliyoiatika mwenyewe, na uchungu wake naujua.

Wala hukuuziwa mbolea mbovu. Ilikuwa mbichi tu. Ile harufu inayokuwasha macho ukiingia bandani ni amonia, na hiyohiyo ndiyo inayounguza mizizi. Isitoshe, kinyesi kibichi kina vijidudu vya kuharisha, na mchicha unauchuma karibu kabisa na ardhi.

Kiozeshe kwanza. Chagua kona yenye kivuli, tandika vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka: majani makavu ya mwembe, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, kinyesi kidogo, halafu makavu tena. Makavu ndiyo mnayoyasahau wengi! Kwa ndoo moja ya mabichi weka mbili au tatu za makavu. Lundo lifike mita moja kila upande, maana likiwa dogo halishiki joto. Samaki na mafuta usitie, utaita panya.

Maji je? Chukua mchanganyiko wa lundo wa kujaa kiganja, ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakichuruzika, umezidisha, na uvundo utakufuata hadi sebuleni. Hapo ongeza makavu, ugeuze.

Sasa chomeka mti mrefu katikati ya lundo. Siku ya tano uchomoe, ushike ile ncha. Ikikufanya uiachie haraka, furahi, lundo linafukuta. Joto la nyuzi 55 hadi 65 ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu. Likipoa, geuza, ya nje yaingie ndani, na urudie hivyo kwa miezi mitatu hivi. Mboji iliyoiva ni nyeusi, imepoa, inanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Kwenye mchanga wenu wa Dar, maji unamwagilia asubuhi na mchana hayapo. Mboji huyashika. Tandaza unene wa vidole viwili, uchanganye juujuu, kisha funika kwa nyasi kavu. Maranda ya mbao usiyafukie mabichi, kwani yakioza yanainyang'anya mimea naitrojeni, majani yakageuka njano.

Na lile tuta lililoungua usilihame. Kwangua mbolea iliyobaki juu, mwagilia maji mengi siku tatu nne mfululizo, liache wiki tatu, ndipo urushe mbegu upya. Hicho ulichokwangua, pamoja na kilichobaki kirobani, anzia lundo lako leo jioni.