Furaha Nayo Hupimwa

Mwenye ugonjwa wa bipola hupitia vipindi vya huzuni nzito na vya msisimko uliopita kiasi. Mwaka 2008, watafiti Greg Feldman, Jutta Joormann na Sheri Johnson walichapisha hojaji ya kauli 17 inayopima mtu hufanya nini anapofurahi. Kila kauli hujibiwa kwa alama 1 hadi 4. Wapo wanaoichochea furaha kwa kuwazia uwezo wao. Wengine huizima wakijiambia haitadumu.

Hojaji pekee haithibitishi ugonjwa. Jamaa akianza kulala saa chache bila kuchoka, kuzungumza kwa kasi na kutumia pesa ovyo, mpeleke mapema kituo cha afya kilicho karibu. Kujihisi vizuri si sababu ya kuacha dawa. Amuulize daktari kwanza.