Majirani wa Mizizi: Bakteria Wanaosaidia Mimea Wakati wa Ukame



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kirundo, kaskazini mwa Burundi. Mvua ilianza vizuri, tukapanda maharage, kisha ikakatika. Tulitoka kuswali swala ya kuomba mvua. Tuliporudi, mama aliniuliza: "Mwanangu, wewe unayesomea kilimo, hawajakufundisha la kufanya?" Nilinyamaza.

Siku ile niling'oa mashina mawili. La katikati ya shamba lilitoka na mizizi mitupu. La pembeni, mahali mama anapomwaga samadi na maganda ya jikoni, lilikuwa bado bichi, na udongo umeganda kwenye mizizi yake. Niliporudi chuoni ndipo nilipoelewa sababu mojawapo.

Mwaka 1904 mtaalamu wa Kijerumani, Lorenz Hiltner, aliupa jina la rizosfia udongo unaozunguka mizizi. Hapo mmea hutoa sukari na asidi, na bakteria hufuata chakula hicho. Baadhi yao hulipa fadhila kwa njia tatu.

Kwanza, hutoa utelezi unaoshika maji na kugandisha chembe za udongo kwenye mizizi, hivyo mizizi haikauki upesi.

Pili, wengine, kama Azospirilamu, hutengeneza homoni ya oksini. Mizizi huongeza matawi na vinyweleo, ikafikia maji ambayo isingeyafikia.

Tatu, hupunguza hofu ya mmea, kama naweza kusema hivyo. Mmea ukipata kiu hutengeneza gesi ya ethilini. Ikizidi, mizizi hudumaa na majani hupukutika mapema. Ethilini hutokana na kitu kiitwacho ACC. Kuna bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja ACC na kukigeuza kuwa chakula chao cha naitrojeni. ACC ikipungua, ethilini nayo hupungua, na mmea huendelea kukua. Bernard Glick na wenzake nchini Kanada waliieleza njia hii mwaka 1998.

Lakini tusidanganyane. Bakteria hawaleti mvua. Wanampa mkulima muda tu, na ukame ukirefuka mno, mmea utakufa. Hata bakteria wa vinundu vya maharage hupunguza kazi yao udongo ukikauka. Na bakteria wa dukani hufa wakiachwa juani, na wanaofaa udongo mmoja huenda wasifae mwingine.

Basi tufanye nini? Tusichome mabaki ya mavuno, kwa kuwa tunawanyima bakteria chakula. Tutie samadi iliyooza au mboji. Tutandaze nyasi ili udongo usichomwe na jua. Tupokezane mazao ya jamii ya kunde na nafaka. Anayenunua bakteria wa kupaka mbegu azihifadhi kivulini, apande udongo ukiwa na unyevu, wala asizichanganye na dawa ya kuua vimelea.

Nilimpigia mama simu nikamweleza yote haya. Alicheka, akasema bibi yake hakuwahi kuchoma mabua. Msimu huu amenipa nusu ya shamba niijaribu. Nusu nyingine ataendelea na mazoea yake. Kuomba mvua tutaomba, na samadi tutabeba. Tawakali haikumzuia mtu kushika jembe.