Dondoo muhimu: Vokoda ya kizamani kwenye kompyuta yako

Vokoda, ambayo leo huufanya mlio wa ala utamke maneno, ilibuniwa na Homer Dudley katika maabara za Bell, Marekani, kwa ajili ya simu. Mashine zenyewe ni adimu na ghali, lakini programu ya TAL-Vocoder ni ya bure na inaiga mlio wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ipakue kwa watengenezaji wenyewe. Nakala za kupokezana kwa flashi zinaweza kuja na virusi.

Vokoda hutaka sauti mbili: maneno yako, na mlio wa kuyabeba. Hapa Tiwi, pwani ya Kenya, tuna hazina. Nzumari ya ngoma ya sengenya ina mlio mkali uliojaa, hivyo hubeba maneno vizuri. Filimbi ya chivoti ni laini mno, maneno humezwa. Mwombe mpigaji ashikilie noti moja ndefu. Au tumia Audacity, programu ya kurekodi, nayo ya bure, yenye vokoda yake: weka maneno upande wa kushoto, nzumari kulia, kisha chagua Vocoder.

Funga madirisha unaporekodi, maana upepo wa bahari nao utageuka mlio. Tamka “s” na “sh” kwa nguvu, ndizo zinazopotea kwanza.

Na mpigaji nzumari alipwe, jina lake liandikwe kwenye wimbo.