Mafunzo Niliyopata Nikisoma Sanaa Berlin

Vijana wanaoniuliza kuhusu kwenda kusoma sanaa Ujerumani hutaka nianze na makumbusho. Mimi huanza na barua ya mwenye nyumba, nao huniona nawanyima uhondo. Lakini mji ule niliuzoea kwa mpangilio huohuo.

1. Karatasi kwanza, turubai baadaye

Kabla ya viza utatakiwa kuonyesha kwamba utaweza kujikimu. Wengi huweka fedha kwenye akaunti ya kufungwa: tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka, nawe unaruhusiwa kutoa yuro 992 kwa mwezi. Ukishahamia chumbani una wiki mbili za kwenda Bürgeramt, ofisi ya wakazi, kuandikisha anwani. Hapo ndipo penye kazi. Bila barua ya mwenye nyumba huandikishwi, na bila kuandikishwa kila dirisha utakalofuata litakurudisha. Kwa hiyo chumba cha bei nafuu ambacho mwenyewe anasema "hapa usijiandikishe" ni ghali kuliko vyote. Miadi nayo ni ya kuvizia. Amka alfajiri, kwani ndipo nafasi za walioghairi huonekana mtandaoni. Nimeona mtu mzima akishangilia miadi kama Simba wamefunga dakika za nyongeza.

2. Hakuna atakayekushika mkono

Vyuo vingi vya sanaa kule hukuingiza katika darasa la profesa mmoja, na unaweza kukaa naye miaka yote. Usitarajie ratiba ya leo mikono, kesho nyuso. Unapewa meza, ufunguo na kipande cha ukuta. Siku ya kikao kazi yako hutundikwa, wenzako wanaitazama kimya hadi unatamani kukohoa, kisha wanaichambua nawe umeketi palepale. Sisi tuliozoea kumsifu mtu kwanza ndipo tumkosoe, huwa tunaumia. Mwenzangu mmoja alisema ngalawa niliyoichora ilikuwa "nzuri mno". Nilifurahi mpaka jioni, nilipoelewa kwamba lile lilikuwa lalamiko. Alikuwa na haki: ilikuwa ngalawa ya kuuzia watalii.

3. Baridi si msimu wa rangi

Desemba jua la Berlin huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, tena siku nyingi huwa nyuma ya wingu. Unachanganya rangi chini ya taa za tyubu, unalala umeridhika. Kesho mchana ukiisogeza picha dirishani, ile ngozi ya mvuvi uliyoihangaikia imekuwa kijani. Macho hayana kosa, mwanga ndio uliobadilika. Niliacha kupigana nao. Tangu Novemba nilishika mkaa, wino na chapa za mbao, rangi za mafuta nikaziweka hadi Aprili.

Huko ndiko nilikokutana na kazi za msanii Käthe Kollwitz, aliyeishi mtaa wa Prenzlauer Berg tangu 1891 hadi 1943 na kujenga jina lake kwa weusi na weupe. Mwanawe Peter aliuawa vitani mwaka 1914. Ingia jengo la Neue Wache, barabara ya Unter den Linden, haina kiingilio: sanamu yake ya mama aliyempakata mwana aliyekufa, iliyowekwa pale kwa kukuzwa mwaka 1993, imekaa peke yake chini ya tundu la dari. Mvua inamnyeshea, theluji inamwangukia. Nilijifunza zaidi kuhusu uzito wa mwili kwa kuichora ile khanga ya shaba nyeusi aliyojifunika kuliko katika kikao chochote.

4. Mfuate fundi wa karakana

Profesa ana jina, fundi ana ufunguo wa mashine. Wa kwetu wa uchapaji alikuwa mama mkali asiyependa Kiingereza. Ukiingia bila kusalimu, huoni wino siku hiyo. Jifunze Kijerumani cha mle ndani mapema: karatasi, shinikizo, safisha, zima. Hicho cha falsafa kitakuja chenyewe, au kisije.

5. Jumapili maduka hufungwa

Karatasi na chumvi zinunuliwe Jumamosi. Na usigonge patasi nyumbani Jumapili, jirani atabisha hodi.

6. Tafuta vya kwenu, hata vikikuudhi

Mimi ni mtu wa Lindi. Katika jumba la makumbusho ya viumbe, Invalidenstraße, amesimama mjusi mkubwa wa kale mwenye urefu wa zaidi ya meta 13 kutoka chini hadi kichwani, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kwetu, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mara ya kwanza nilitoka na hasira. Baadaye nilirudi na kiti cha kukunja na mkaa, nikawa mtu wa pale. Watoto wa shule walinizunguka wakiuliza maswali, mlinzi akawa ananiwekea nafasi. Hasira haikuisha, ila ilipata kazi ya kufanya.

Siku nyingine panda treni ya U6 hadi Afrikanische Straße. Utapita Sansibarstraße na Tangastraße, majina yanayokumbusha enzi za ukoloni, na utafika kwenye barabara ambayo hadi 2024 iliitwa Petersallee. Sasa sehemu yake ni Maji-Maji-Allee. Mtaa huohuo, uitwao Wedding, una maduka ya Waafrika yenye ndizi za kupika na mawese, kwa hiyo usiende na daftari tu, beba na mfuko.

7. Bei iandike mapema

Julai vyuo hufungua milango, mji mzima unaingia kutazama kazi za wanafunzi. Mzee mmoja alisimama mbele ya chapa zangu za mifupa akauliza bei. Nikaanza kujiumauma kwa adabu za nyumbani, kwamba tutaelewana tu. Mwenzangu yule wa ngalawa akadakia na kutaja mara mbili ya niliyoifikiria. Mzee akatoa pochi, akauliza kama kuna nyingine.