Selimundu: Mama asibebeshwe lawama peke yake

Katika jamii zetu mtoto anapogundulika kuwa na selimundu, mara nyingi vidole huelekezwa kwa mama. Utasikia kwamba ukoo wao una damu mbaya, au kwamba mtoto amerogwa. Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, na wazazi huniletea maneno hayo niyatolee uamuzi. Naona kwanza tuyapime kwa elimu, na elimu yenyewe inaanzia ndani ya seli.

Katika kiini cha seli mna vinasaba, ambavyo wengi tunaviita DNA. Umbo lake ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Vipandio vya ngazi hiyo ni besi za nitrojeni, nazo ni 4: adenini (A), thaimini (T), guanini (G) na saitosini (C).

Kila kipandio kina besi mbili, na hazioani ovyo. A huoana na T, na G huoana na C. Kwanza ni suala la ukubwa: A na G zina pete mbili, T na C zina pete moja. Kubwa ikikutana na ndogo, upana wa ngazi unabaki sawa. Pili ni vifungo vya haidrojeni: A na T hushikana kwa vifungo 2, G na C kwa 3. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini vikiwa vingi huishikilia ngazi nzima, na bado huachia kama zipu wakati wa kunakiliwa. Mpangilio huu ulielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitumia pia vipimo vya eksirei vya Rosalind Franklin.

Ngazi ikifunguka, kila upande huwa kielelezo cha kuundia mwenzake: penye A huja T, penye G huja C. Ndiyo maana nakala hufanana na ya asili, na mtoto akarithi sifa za wazazi wake.

Lakini uaminifu huo huo hunakili hata kilichobadilika. Katika selimundu, ndani ya jeni ya himoglobini, palipokuwa na A pamekuwa na T, na mwenzake naye akageuka. Ni jozi moja tu kati ya takriban bilioni 3! Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kuwa himoglobini ya mgonjwa hutofautiana na ya mzima kwa asidi-amino moja. Chembe nyekundu zikajikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, mtoto akapata maumivu makali.

Mtoto hupokea seti moja ya vinasaba kwa baba na nyingine kwa mama. Ili awe na selimundu ya SS, badiliko lazima litoke kwa wote wawili. Wabebaji kwa kawaida ni wazima, hawajijui. Wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa. Sasa mchawi anaingilia wapi?

Rai yangu ni kwamba wachumba wapimwe damu kabla ya ndoa. Wenye mtoto mgonjwa wamuwahishe kliniki, wasimalize fedha kwa waganga. Na mume anayetaka kutoa talaka kwa hoja ya damu mbaya ajue kwamba nusu ya badiliko hilo imetoka kwake.